Mzee Anselme na Bendera Iliyoshushwa

Mara ya kwanza kufanya biashara na Anselme Lecacheux nilimfuata kwa ajili ya samadi. Si samadi yenyewe, bali chombo alichokuwa akichotea. Nyuma ya banda lake palikuwa na kofia ya chuma ya askari wa Kijerumani, imepigiliwa mpini mrefu wa mti, na kwa kofia hiyo yeye, na shangazi yake kabla yake, walichota samadi ya maji na kumwagia kabichi. Baada ya vita mashamba mengi ya kwetu yalikuwa na kitu cha namna hiyo. Watu hawakutupa chuma. Lakini nyingi zilikwisha kuliwa na kutu. Ya Anselme ilikuwa nzima, na kulikuwa na bwana mmoja wa Paris aliyenikaba koo akiitaka.

"Unaiuza?" nikamuuliza.

"Umeona bango la duka hapa?"

"Nimeona kofia inayonuka."

"Inanuka kwa sababu inafanya kazi. Na wewe, Mama Vyuma, unanuka nini?"

Jina hilo nilipewa na mji wa Courvaux tangu usichana wangu, nilipokuwa nazunguka mashambani na baiskeli yenye mkokoteni nikinunua chuma chakavu na maganda ya risasi ambayo majembe yalikuwa bado yakiyafukua. Baadaye nikapata gari, kisha duka la vitu vya kale karibu na kanisa. Jina halikubadilika. Halinikeri. Chuma ndicho kilichonilisha.

Nikamtajia bei. Akacheka. Nikapandisha. Akaendelea kung'oa magugu. Mwisho akanyoosha mgongo, akanionyesha viganja vyake. Alikuwa ameendesha lori la kukusanya maziwa maisha yake yote, akiyabeba madebe mawili mawili, na mikono yake ilikuwa mipana kama koleo.

"Sitaki pesa. Nitafutie glavu nyeupe za pamba zitakazoingia hapa. Zile za chama hupasuka."

Nikampata mfanyabiashara anayewavisha wahudumu wa hoteli kubwa, nikamletea jozi. Akazivaa, akakunja ngumi, akakunjua. Akanipa kofia yangu. Kwa hesabu yoyote nilimla mzima mzima. Nilipofika getini akaniita.

"Usifurahi sana. Glavu huchakaa. Mwakani utaniletea nyingine."

Nikaleta. Na mwaka uliofuata, na uliofuata. Ndivyo alivyoninasa.

Glavu zilikuwa za bendera. Anselme alikuwa mshika bendera wa chama cha wapiganaji wa zamani, ingawa hakuwahi kupigana na mtu; wapiganaji wenyewe walikufa mmoja mmoja, na bendera ikamwangukia aliyekuwa na mabega. Kila sikukuu ya ukombozi, mwezi wa Agosti, alitangulia maandamano kutoka darajani hadi uwanjani, mkanda wa ngozi shingoni, kishina cha mlingoti kimekaa kwenye kikombe cha mkanda. Nyuma yake meya, bendi, wageni, na wale wapenzi wa vita ambao hawakuwahi kusikia njaa ya vita, wamevaa magwanda ya jeshi na kuendesha magari ya jeshi waliyoyapaka rangi wenyewe. Wengi wao ni wateja wangu. Siwasemi vibaya.

Mshika bendera ana sheria zake, na Anselme alizishika kama padri anavyoshika misa. Hazungumzi. Hapungi mkono. Hageuki nyuma hata asikie kishindo gani, kwa sababu wanaofuata wanaifuata bendera, si yeye. Tarumbeta ya wafu ikilia, anaishusha bendera mpaka kitambaa kinakaribia ardhi bila kuigusa. Inabaki chini kwa ukimya wote. Wimbo wa taifa ukianza ndipo inainuliwa. Kabla ya wimbo haiinuliwi. Aliwahi kumgombeza mshika bendera wa kijiji jirani mbele ya mkewe kwa sababu aliinua yake mapema. Mkono ulimuuma, eti.

"Mkono!" Anselme aliniambia, bado kakasirika wiki nzima baadaye. "Waliolala chini wana mikono?"

Jikoni kwake, akiwa amemimina kahawa na kuitonea pombe kali ya tofaa, ndiko alikonisimulia habari ya Mtaa wa Ngozi. Hakunisimulia kwa machozi. Alinisimulia kama mtu anayeeleza mahali lori lilipokwama.

Mwezi wa Juni, miezi miwili kabla ya ukombozi, ndege za Wamarekani zilikuja jioni kuvunja daraja ili Wajerumani wasipite. Daraja halikuguswa. Mtaa wa Ngozi ulikwisha. Watu wa mtaa ule walikuwa wamekimbilia kwenye ghala la chini la muuza mvinyo wa tofaa, kwa kuwa lilikuwa na dari la mawe na kila mtu alijua hakuna mahali salama zaidi. Humo alikuwamo mama yake na dada zake wawili. Yeye alikuwa ametumwa maziwa kwa shangazi, nje ya mji. Aliporudi na jagi lake hakukuwa na mtaa wa kurudi. Joto lilikuwa kali na vifusi vilikuwa vikubwa; wakamwaga chokaa, wakasawazisha. Baadaye sana mji ukahitaji mahali pa kuegesha magari.

"Sasa wako chini ya lami," alisema. "Karibu na mashine ya tiketi."

"Makaburini si kuna jiwe la waliokufa kwa mabomu?"

"Limeandikwa 'wahanga'. Mama yangu hakuitwa Mhanga."

"Unawachukia, wale wa ndege?"

"Wewe unapenda bei moja kwa kila kitu. Walitukomboa. Na waliniulia mama. Yote mawili ni kweli. Ninachouliza ni kama sikukuu moja haiwezi kuyabeba yote mawili." Akaipiga kizibo chupa. "Kunywa kahawa yako, inapoa."

Kila mwaka aliomba maandamano yasimame kidogo pale mtaani, kwa kuwa yanapita papo hapo. Kila mwaka kamati ilimwambia mwakani. Ukawa mwaka wa sabini na tano tangu ukombozi, sherehe kubwa kuliko zote, na Anselme akiwa amevuka themanini akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitegemea kwake. Aliichukua bendera kutoka ukumbi wa chama, akaifungia kabatini kwake, akatangaza kwamba hatoki.

Bwana Quesnel, mfamasia, mwenyekiti wa kamati ya sherehe, akaniita kwenye duka lake la dawa, jasho likimtoka.

"Huguette, zungumza naye wewe. Nyinyi mnaelewana."

"Hatuelewani. Tunabadilishana vitu."

"Basi badilishana naye! Kuna mzee Mmarekani anakuja, aliingia mji huu na jeshi lake, ndiye wa mwisho aliye hai. Analetwa na wajukuu. Televisheni inakuja. Nitaandamana bila bendera kama msafara wa mazishi ya mbwa?"

Mimi nilikuwa na sababu zangu. Siku zile ndizo zinazonivusha mwaka. Wageni wakikuta mji unagombana huzungusha magari yao wakaenda kununua kofia mji mwingine. Nikamwambia: "Anachotaka unakijua. Maandamano yasimame Mtaa wa Ngozi, majina yao yasomwe, tarumbeta ipigwe, wimbo upigwe. Halafu mwende mkale."

"Majina hapana."

"Ni majina tu."

"Ni majina ya watu waliouawa na ndege za kwao! Nimsimamishe mzee wa watu juani, nimsomee hayo? Mgeni humkaribishi mezani ukamwonyesha vyungu alivyovunja."

"Hajui hata Kifaransa."

"Kuna mkalimani."

"Mwambie mkalimani apige chafya."

Hakucheka. Tulivutana mpaka wateja wake wa dawa za kifua wakaanza kukohoa kwa makusudi. Mwisho nilipata hiki: maandamano yatasimama, Gaétan atapiga tarumbeta ya wafu, kimya kidogo, wimbo wa taifa, safari inaendelea. Hakuna majina. Hakuna hotuba. Hakuna maelezo kwa mgeni. Nikanyoosha mkono, akaugonga. Kwetu mkono ukigongwa kwenye mnada wa ng'ombe, mnyama ameuzwa hata kama hakuna karatasi.

Nikaenda kwa Anselme na mzigo wangu.

"Wamekubali kusimama," nikamwambia. "Tarumbeta na wimbo, vyote."

"Na majina?"

"Majina yapunguze."

Aliniangalia kama mtu aliyeambiwa apunguze mguu.

"Mzee Anselme, nisikilize. Umeomba mkate mzima miaka yote, umepata makombo? Leo nakuletea nusu. Chukua nusu. Mwakani tutadai majina."

"Mwakani." Akacheka puani. "Umeanza kuzungumza kama wao."

"Nazungumza kama mtu anayefunga biashara. Ukikataa, Quesnel atamvalisha mpwa wake glavu na kumpa bendera ya wazima moto. Utabaki na kabati."

Akaanza kukwangua meza kwa ukucha. Nikamwacha akwangue. Katika biashara, anayesema kwanza baada ya kimya ndiye anayelipa.

"Haya," akasema. "Nawaacha majina. Yasisomwe." Akanipa mkono, mzito, mkavu. "Lakini nikiwa nimekubali nimekubali. Na wao wakubali hivyo hivyo."

"Mkono umegongwa."

"Wako au wa Quesnel?"

"Yote miwili."

Siku ya siku ilikuwa ya joto la kuyeyusha. Mimi nina desturi ya kuwapo mzigo unapokabidhiwa, basi nikamwachia binti wa dada yangu meza yangu ya uwanjani, nikaenda kusimama Mtaa wa Ngozi mapema. Nilichokikuta hakikunifurahisha. Kamati ilikuwa imeleta vyoo vya kukodi, vile vya plastiki ya buluu, na mtu fulani ambaye hakujua au hakujali alivipanga penye nafasi kubwa: kwenye maegesho, kando ya mashine ya tiketi. Nikaita vijana wawili wa magwanda tuvisogeze. Vilikuwa vimefungwa kwa minyororo.

Nikasikia bendi inatoka darajani. Ikakaribia. Halafu ikaanza kwenda kushoto.

Nilielewa kabla sijaona. Baadaye nilisimuliwa kilichotokea: yule mzee Mmarekani, akiwa amekalishwa kwenye gari la wazi, alilegea. Uso ukamtoka rangi, mjukuu wake wa kike akapiga kelele. Quesnel akakimbia mbele, akawaambia bendi wakate kwa njia ya soko, yenye kivuli, wafike uwanjani haraka kwenye hema la daktari. Nani angesema hapana? Hata mimi nisingesema. Bendi ikakata, meya akakata, magari yakakata, watu wote wakafuata muziki.

Ila mshika bendera hageuki nyuma.

Alitokea peke yake kwenye kona, katikati ya barabara tupu, glavu nyeupe, bereti sawasawa, bendera imesimama wima kama nguzo. Alikuwa akitembea kwa mwendo wa bendi ambayo haipo tena. Nadhani alisikia muziki ukimwacha; hakuwa kiziwi. Lakini njia ilikuwa imekubaliwa, naye alikuwa anaishika. Akafika mbele ya maegesho, akageuka kulia kama sheria inavyotaka, akasimama.

Nikamwendea. "Mzee, wamepita sokoni. Yule mgeni ameanguka."

"Amekufa?"

"Hapana. Joto tu."

"Vizuri," akasema, na alimaanisha. Macho yake yalikuwa kwenye vile vyoo. Mlango mmoja ulifunguka, akatoka mtu mnene amevaa kama askari wa miavuli, akifunga zipu. Akaona bendera, akapiga saluti, akaondoka.

Ndipo Anselme akaishusha. Polepole, kama alivyofanya kila mwaka, mpaka pindo likabaki shubiri moja juu ya lami. Hakuna tarumbeta iliyolia. Kukawa kimya, kimya cha kweli, kwa kuwa hapakuwa na mtu.

Nikangoja kadiri ya adabu. "Haya mzee. Inua sasa, nikupeleke kwa gari."

"Wimbo haujapigwa."

"Hautapigwa, Anselme. Hawako."

"Umenipa mkono."

"Nimekupa."

"Basi kamlete Gaétan."

Nikaenda. Mimi, mwanamke wa umri wangu, nikakimbia na viatu vya sherehe. Gaétan, fundi bomba anayepiga tarumbeta yetu, nilimkuta nyuma ya hema, sandwichi ya utumbo mkono mmoja na bilauri mkono wa pili.

"Njoo Mtaa wa Ngozi, dakika mbili."

"Dakika mbili natakiwa pale mbele. Yule babu amezinduka, meya anaanza."

"Anselme anasubiri, ameshusha."

"Mwambie ainue."

"Haiinuki bila wimbo, unamjua."

"Mama Vyuma," akasema mdomo umejaa, "mwambie kesho nitakwenda nimpigie kwake nyumbani, hata mara mbili. Haki ya Mungu."

Quesnel nilimwona jukwaani, akipangusa paji la uso, akicheka kwa faraja na wajukuu wa mgeni. Nikamwashiria. Akanionyesha kiganja: ngoja. Nikamwonyesha kiganja changu, kile alichokigonga. Akatazama pembeni.

Niliporudi, mikono ya Anselme ilikuwa inatetemeka hadi mabegani na mlingoti wote ulikuwa unapiga kikombe cha mkanda, tak, tak, tak. Bado shubiri moja. Na wakati ule ule vipaza sauti vya uwanjani vikafunguliwa, na wimbo wa taifa ukatufikia juu ya mapaa, bendi nzima, mji mzima ukiimba.

"Huo hapo!" nikamwambia. "Umesikia? Inua, inua!"

Akasikiliza ubeti mzima. "Ule wa nani?"

"Wa meya. Wa sherehe."

"Wale wameshushia nani?"

Nikatazama lami.

"Basi si wetu," akasema. "Kushusha naweza peke yangu, Huguette. Kuinua lazima nipigiwe."

Ilikuwa mara ya kwanza kuniita kwa jina langu. Nilikasirika. Nilitaka apate chochote, hata punje, aende nyumbani. Nikamwambia: "Basi yaseme majina! Hapa hakuna mkalimani, hakuna mgeni. Yaseme mwenyewe, nayasikia mimi."

Akatikisa kichwa. "Nilikubali yasisomwe."

"Wao hawakutimiza neno lao!"

"Hilo ni lao."

Mkono wa kushoto ndio uliosalimu amri kwanza. Hakuitupa; aliikawiza kadiri alivyoweza, kama mtu anayemlaza mtoto, lakini ilikwenda. Kitambaa kikagusa lami, kisha kikalala, na maji yaliyokuwa yakivuja chini ya choo cha mwisho yakakipata pindo la dhahabu. Aliitazama. Halafu akavua glavu, kidole kimoja kimoja, akaziweka juu ya mashine ya tiketi, akavua mkanda, akanipa, akaenda zake kwa miguu. Nilimwita. Hakugeuka nyuma, kama kawaida yake.

Niliizungushia bendera mlingoti wake nikaitia garini. Nilidhani uwanjani nitakuta balaa: sherehe ya sabini na tano, televisheni, na bendera ya chama haipo mbele ya mnara wa kumbukumbu. Nikamuuliza Quesnel, watu walisema nini?

Akakunja uso. "Kuhusu nini?" Akawaza. "Ah. Kumbe hakuja?"

Basi. Hiyo ndiyo silaha aliyokuwa ameifungia kabatini.

Gaétan kesho yake hakwenda. Alikuwa na bomba lililopasuka shuleni. Mimi nilimpelekea Anselme glavu mpya, kama kila mwaka. Alizipokea, akazitia kwenye droo bila kuzijaribu, akanimiminia kahawa. Tuliongea habari za tofaa, kwamba mwaka huo yalikuwa madogo. Hakulitaja jambo lile, wala mimi. Alikufa majira ya baridi, akichanja kuni. Binti yake alikuja kutoka Lyon, akaniuzia vitu vya nyumbani kwa jumla, bila kubishana, na mtu asiyebishana huniharibia raha ya kununua. Droo ile nilikuta nimo mimi mtupu: glavu zangu, jozi zote alizowahi kuzivaa, ila ile ya Mtaa wa Ngozi, zimefuliwa na kupigwa pasi.

Nilimuuliza binti yake majina ya bibi yake na wale shangazi wawili.

"Baba hakuwataja," akasema. "Wewe hakuwahi kukutajia?"

Hakuwahi, na sikuwahi kuuliza. Nilikwenda kwa Quesnel nikapatana juu ya majina, nikayakata, nikauza, nikafunga biashara, bila kujua ni majina gani. Bila shaka yako manispaa kwa anayetaka kwenda kuyauliza. Sijaenda.

Quesnel alipata sherehe yake. Picha ya mzee Mmarekani na meya ipo dirishani kwa mfamasia hadi leo, imeanza kupauka. Anselme alipata vyoo. Mimi nimebaki na bendera, kwa kuwa chama kilivunjwa na hakuna aliyeidai. Niliisafisha pindo, doa halikutoka lote. Haiuziki: ina jina la mji, na wapenzi wa vita wanataka za jeshi. Imesimama nyuma ya duka, imezungushwa kwenye mlingoti wake. Siku hizi Quesnel akinipa mkono namwambia aandike.

Mwaka uliofuata waliweka vyoo pale pale. Ni mahali pazuri, mji wote unakubali. Ardhi yake imesawazishwa vizuri.